Moses Amefika Murukulazo, Hakuna Kulala!

Kitafuteni! Naanza na amri kwa sababu sina subira ya kuanza na kingine chochote. Kitabu kinaitwa Moses, mwandishi ni Barbara Kimenye, na nimekimaliza usiku wa kuamkia leo huku nimejiziba mdomo kwa shuka nisiwaamshe watu wa nyumbani. Kitafuteni kwenye meza za vitabu vya mitumba Mwanza na Bukoba, kwenye makabati ya shule ambayo ufunguo wake haujulikani uliko, kwa baba mdogo aliyesoma Uganda enzi zake na bado ana sanduku la vitabu uvunguni. Mkikipata, msimwazime mtu kabla hamjafika ukurasa wa mwisho. Hakitarudi.

Najua si kitabu cha jana. Kilichapishwa na Oxford University Press mwishoni mwa miaka ya 1960, na wapo Wakenya na Waganda wenye wajukuu sasa waliokisoma wakiwa wanafunzi. Lakini Murukulazo kimefika wiki hii, ndani ya begi langu, kwa basi lililopita Biharamulo na Lusahunga, kisha kwa bodaboda kati ya vilima vya Ngara. Hapa kijijini sijakutana na mtu aliyewahi kukiona. Basi kwetu kimetoka wiki hii, na nakipokea kwa shangwe inayostahili kitabu kilichotoka wiki hii!

Moses ni kijana ambaye shule hazimtaki. Si katili, si jambazi, wala si mjinga. Ni kijana wa aina ile ambayo kila ukoo una mmoja: akisaidia anaharibu, akinyamaza anaonekana ana njama, akieleza ukweli ndipo anapozidi kutiliwa shaka. Mikono na miguu yake imekua haraka kuliko busara yake. Mwisho wa yote anapelekwa mahali ambapo bado wanampokea, shule ya bweni ya Bwana Mukibi. Na jina la shule hiyo, jamani, jina la shule! Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Lisome tena taratibu. Unaona geti la chuma, bustani iliyofyekwa, wavulana wenye tai wakinywa chai kwa vikombe vya visahani. Kumbe ni shule ya waliokataliwa kwingine, na huo uungwana wote uko kwenye kibao tu! Kila jina hilo linapotajwa nacheka upya, maana nani kati yetu hajaona kibao cha shule kilicho kirefu kuliko ofisi ya mwalimu mkuu?

Halafu hao waungwana wenyewe. Rafiki mkubwa wa Moses anaitwa King Kong, jina la lile sokwe kubwa la kwenye filamu ya Marekani ya mwaka 1933, na ukishasikia jina umeshamwona anavyoingia mlangoni. Mwingine anaitwa Itchy Fingers, yule ambaye vidole vinamwasha akiona mali ya mwenzake, na bweni zima linajua, na bado analala nao, anakula nao, ni wa kwao. Hapo ndipo nilipokipenda kitabu hiki moja kwa moja. Kimenye angeweza kumweka Moses katikati ya wanafunzi safi, wote wakimnyooshea kidole, nasi tumwonee huruma. Hakufanya hivyo! Amemweka katikati ya wenzake. Kila mmoja bwenini ana kituko chake, kila mmoja amefukuzwa au amekataliwa mahali, na kwa mara ya kwanza kijana asiyefaa popote anajikuta mahali ambapo kutofaa ndio uraia wenyewe.

Niseme kwa nini jambo hilo ni kubwa. Vitabu vingi vya kuchekesha kuhusu kijana wa namna hii vinamwacha peke yake. Nampenda sana Adrian Mole, yule kijana wa Leicester aliyeumbwa na Sue Townsend mwaka 1982, anayehesabu chunusi zake, anayejiona msomi, anayetuma mashairi yake BBC na kumwota Pandora. Ni kitabu kizuri kupita kiasi. Lakini Adrian yuko na shajara yake tu. Anacheza peke yake chumbani na sisi tunamchungulia kupitia tundu la ufunguo. Kwa Moses hakuna tundu la ufunguo, kuna bweni! Jambo likiharibika, linaharibika mbele ya umati, na umati huo umeshiriki kuliharibu. Kwetu ujana haujawahi kuwa jambo la mtu na chumba chake. Nani ana chumba chake? Unalala na kaka wawili na binamu aliyekuja kusoma, na aibu yako inajulikana hadi kisimani kabla ya jua kupanda. Kimenye alilijua hilo, na ucheshi wake wote umejengwa juu ya hilo.

Na anavyosimulia! Uso mkavu kabisa. Hasimami kukukonyeza kwamba hapa ucheke. Mpango unaanza vizuri, wenye nia njema, wenye mantiki hata, na wewe msomaji unakubali kabisa kwamba hata mimi ningefanya hivyo. Unafungua ukurasa, mpango umeshapata miguu yake mwenyewe na unakimbilia kwa mkuu wa shule. Nia njema inayogeuka kuwa kesi: hiyo ndiyo injini ya kitabu, na haizimiki. Visa vyenyewe sivisemi. Nimeapa! Mpwa wangu wa kidato cha pili amenikimbiza tangu asubuhi akitaka nimwambie kinachofuata, nimemkatalia, basi na ninyi nawakatalia.

Sasa nataka kusema jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipokifunga. Fasihi yetu ya shule ni nzito. Ni tukufu, lakini ni nzito. Mwaka 1964 Ngũgĩ wa Thiong'o alitupa Weep Not, Child, na pale Njoroge anabeba shule kama mtu aliyebeba mtungi wa familia nzima kichwani, hawezi hata kugeuka. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, jirani yetu wa Ukerewe, akatupa Rosa Mistika, ambamo binti anatoka kwenye mkono wa baba mkali na kuingia shuleni na maisha yanamvunja. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na mpaka leo ukikisoma koo linakauka. Mwaka 1996 Ken Walibora akatupa Siku Njema, na Kongowea wake akatembea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Hivi ndivyo vijana wetu wasiofaa walivyoandikwa: wanateseka, na tunalia nao. Nimelia na wote hao, sijuti.

Lakini miaka ileile ambayo kila mwandishi wa Afrika Mashariki alikuwa ana ukoloni, uhuru na ardhi mezani, kulikuwa na mwanamke mmoja Nairobi aliyekaa na kuandika kwamba mvulana anaweza kushindwa shule, na akashindwa tena, na dunia isianguke. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa machozi. Hakuna mzee anayekufa kwa kihoro. Kuna Moses, kuna King Kong, na kuna kesho. Hebu fikirieni mtoto anayesoma hapa kwetu, anayeambiwa tangu darasa la kwanza kwamba matumaini ya nyumba ni yeye, anayeondoka na tranka na godoro akijua maharage ya msimu mzima yameuzwa ili apande basi. Mtoto huyo anahitaji Njoroge, ndiyo. Ila anamhitaji Moses zaidi, na anamhitaji usiku wa kuamkia mtihani!

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Juzi nilianza kuwasomea vijana wa nyumbani na wa jirani baada ya chakula, kwa taa ya sola, ugali umeshatolewa mezani. Walikuja wachache wakidhani ni kitabu cha dini au cha kilimo. Na kumbukeni, kitabu ni cha Kiingereza. Mtoto wa huku anaanza maisha kwa Kihangaza au Kishubi, kutegemea nyumba aliyozaliwa, lugha ambazo ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Akiingia darasa la kwanza anakutana na Kiswahili. Akishakizoea, akishaanza hata kuwavunja wenzake mbavu kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Bingwa wa utani wa darasa la saba anakuwa bubu. Anakaa nyuma, anaogopa kuulizwa, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba ni mpole. Upole gani? Amenyang'anywa silaha!

Mpwa wangu ni huyo. Amerefuka ghafla, suruali ya shule inamwishia juu ya kifundo, sauti inamtoroka katikati ya sentensi, na kwa Kiingereza nilikuwa sijawahi kumsikia akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Nilisoma aya kwa Kiingereza, nikaieleza kidogo kwa Kiswahili, nikaendelea. Ukurasa wa pili, wa tatu, kimya. Nikafika mahali fulani (sisemi wapi!), na kabla sijaeleza chochote, yeye akacheka. Alicheka kwa Kiingereza! Alikuwa ameelewa mzaha mwenyewe, bila daraja, bila mimi, halafu akawageukia wenzake akaanza kuwaeleza kwa Kihangaza kwa mbwembwe zake zote za zamani. Nilisitisha kusoma nikamwacha aendelee. Kiingereza cha Kimenye ni chepesi, sentensi zake fupi, hazina majivuno, na ndani yake kuna mabweni, walimu wa zamu, njaa ya usiku na uongo unaotungwa kwa haraka. Hakuna theluji ya kuelezwa. Kila kitu mtoto anakijua, kimebadilishwa nguo tu.

Tangu usiku ule uani wameongezeka. Tayari kuna King Kong wa Murukulazo, kijana mnene anayejivunia jina hilo kuliko la ubatizo. Jana mmoja aliniuliza kama shule ya Mukibi bado inapokea wanafunzi, akiwa hatanii hata kidogo. Nikamwambia ni ya kubuni. Alisikitika kweli.

Na sasa kaeni vizuri, kwa sababu kuna habari ambayo nilipoijua nilisimama. Barbara Kimenye alizaliwa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1929. Alikwenda London kusomea uuguzi, akakutana na wanafunzi wa Afrika Mashariki, akaolewa na Bill Kimenye, mtoto wa chifu kutoka Bukoba. Bukoba yetu! Katikati ya miaka ya 1950 wakahamia huko, kando ya Ziwa Victoria, katika mkoa huuhuu wa Kagera ambao leo Moses amehitaji zaidi ya miaka hamsini kuvuka kutoka ziwani mpaka kwenye vilima vyetu. Ndoa ilipokwisha alihamia Kampala na wanawe wawili wa kiume, akafanya kazi ya katibu katika serikali ya Kabaka wa Buganda, akaingia uandishi wa habari, na mwaka 1965 akaenda Nairobi kuandikia magazeti. Alifariki London mwezi Agosti 2012 akiwa na miaka 82. Vitabu vyake ni zaidi ya hamsini na viliuza zaidi ya nakala milioni moja. Milioni! Na watoto wa Ngara hawajawahi kusikia jina lake, ingawa jina lenyewe, Kimenye, ni la mkoa wao.

Mama mwenye wavulana wawili, nadhani hilo linaonekana. Anajua mvulana anavyosimama akiwa na kosa mfukoni. Lakini alikuwa na jicho hilo kabla ya Moses, na ukiweza tafuta pia mkusanyiko wake wa hadithi uitwao Kalasanda, wa mwaka 1965. Kalasanda ni kijiji cha kubuni cha Buganda, na mle ndani kuna hadithi ya mzee Pius Ndawula, mlinzi wa kaburi la kimila, anayeishi kimya peke yake mpaka anaposhinda bahati nasibu ya mpira. Ghafla ana ndugu! Wanamiminika kutoka pande zote, wanajaza nyumba, wanakula, wanashauri, wanagombania nani amemjua kwanza. Nimeishi kijiji kile. Sote tumeishi. Hakuna anayedharauliwa katika hadithi ile, hata wale walafi, na huo ndio moyo uleule uliozaa bweni la Mukibi: Kimenye anamcheka mtu huku amemshika mkono.

Msichana mmoja, wa kidato cha tatu, mkali wa kufikiri, alininyooshea kidole juzi: "Mjomba, na sisi tuko wapi?" Ameuliza swali halali na namwachia nafasi yake hapa. Ni shule ya wavulana, wasichana wana sehemu finyu, na mtu anayetafuta binti mwenye vituko vyake mwenyewe hatashibishwa na kitabu hiki. Nilimwambia amwandike. Akanijibu daftari ni shilingi ngapi siku hizi, nikamnunulia jioni ileile. Tayari ana kurasa nne kuhusu binti anayefukuzwa kwaya kwa sababu ya kucheka, na nimezisoma, na ni nzuri!

Kitu kingine: ni kitabu chembamba. Nasema hivyo kwa furaha kubwa. Kijana ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote nje ya mtihani anakishika, anakipima kwa kidole, anaona mwisho uko karibu, na anaingia. Ndani yake hakuna mahubiri. Sikusikia mahali mwandishi anaposimama kwenye paredi na kutangaza tumejifunza nini leo. Walimu wa Kiingereza wa shule zetu za kata, nawasihi kama mzazi na kama msomaji: mkipata nakala hata moja, isomwe kwa sauti dakika kumi kila Ijumaa baada ya usafi. Msitoe maswali. Msiwaambie waandike muhtasari. Someni tu, halafu mfunge kitabu mahali patamu, muone Jumatatu nani atachelewa shule.

Na tamu ya mwisho, ambayo ndiyo inanifanya nishindwe kukaa: kumbe hiki ni cha kwanza tu! Kuna mfululizo mzima! Kuna Moses and Mildred. Kuna Moses and the Kidnappers, Moses in Trouble, Moses in a Muddle, Moses and the Ghost, Moses on the Move, Moses and the Penpal, Moses the Camper, na vingine vilivyofuata. Watekaji! Mzimu! Rafiki wa barua! Sijasoma hata kimoja. Sijui Mildred ni nani, na msiniambie. Usiku nimelala nikijaribu kubuni mwenyewe Moses akikutana na mzimu, na nikagundua namwonea huruma mzimu.

Mpwa wangu ametaka kianzwe cha kambi, mimi nataka cha mzimu, yule msichana amesema kwa ukali kwamba kitaanza cha Mildred kwa sababu angalau jina ni la kike, na kwa kuwa yeye ndiye anayeandika, ameshinda. Kwa hiyo mwenye Moses and Mildred popote alipo, Bukoba, Mwanza, Kahama, Kampala, akikabidhi kwa kondakta wa basi, nauli ya kitabu naituma mimi. Kikifika Ngara mjini, nakifuata mwenyewe siku hiyohiyo, mvua inyeshe isinyeshe.